Inspekta Anakufa na Vichwa Vimeisha

Asubuhi redio ilitangaza kwamba mwandishi wa vitabu vya Inspekta amechoka. Hiki kilichotoka juzi ndicho cha mwisho, na Inspekta mwenyewe anakufa. Nilipofika kibarazani kwa kinyozi, nikakuta matanga yameshaanza.

"Hafi yule," alisema Betri, fundi wetu wa simu. "Kila kitabu anapigwa rungu la kisogo na anaamka. Leo afe kwa lipi?"

"Kwa uzee," akajibu Sahihisha, mwalimu mstaafu, kofia imemfika masikioni. "Naanza kazi, ana miaka arobaini. Nimestaafu, bado ana arobaini. Hali, halali, haoi, ila koti jipya kila sura. Anayesikiliza upuuzi ule, kichwa chake ni cha kuvalia kofia tu."

Sisi wengine tukajipapasa vipara. Sheria ya pale ni moja: kitabu anacho kinyozi peke yake, na husimulia sura moja kwa kila kichwa anachonyoa. Wembe ukigusa utosi hadithi inaanza, kitambaa kikikung'utwa imekwisha. Vichwa vyetu viliisha mapema. Betri alitoa ndevu, akapewa nusu sura. Mimi nilimleta shemeji, akanyolewa huku akilalamika kwamba amekuja mjini kung'oa jino.

Ikabaki sura ya mwisho, ya nani kamuua Inspekta, na unywele hakuna. Betri akamwomba kinyozi atutajie jina tu, kwa hisani.

Kinyozi alikuwa akifuta wembe ambao haukuwa na uchafu. "Nikiwatajia, kesho mtafuata nini hapa? Mashine za kunyolea mnazo majumbani."

Kweli tunazo. Nilimwonea huruma.

Sahihisha akakohoa, akavua kofia. Lo, msitu.

"Kumbe wenzake tukinyolewa, mwenzetu alikuwa anatia zake maji," Betri akanong'ona.

"Nimekuja kunyolewa tu," mwalimu akasema, akikaa kitini. "Anzia pale Inspekta anaposukuma mlango wa ghala."

Kinyozi akaanza, taratibu. Mlango ukasukumwa, taa ikazimwa, mtu akacheka gizani, na Inspekta akaitambua sauti. Kitambaa kikakung'utwa.

Tukamtazama mwalimu. Upande wa kulia kipara, wa kushoto msitu.

"Nusu kichwa, nusu sura," kinyozi akasema.

Sahihisha akainuka, akaivuta kofia hadi masikioni. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kwa adabu ambayo hatujawahi kuisikia kwake:

"Samahani, ndugu yangu. Kesho unafungua saa ngapi?"