Kiti cha Nyuma cha Gari la Kukodi

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amekuja na gari jipya. Jeupe! Ameliegesha mbele ya mlango wa duka langu la mapazia, wateja wakakosa pa kupita. Mteja mmoja, kwa kweli. Naye alikuja kuuliza njia.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu. Alifanya kazi benki mpaka akastaafu, na mtaa mzima unamwita Asilimia, maana hawezi hata kuomba chumvi bila kutaja asilimia. Leo ameniambia, huku akizungusha ufunguo kidoleni, kwamba gari hilo hakulinunua. Amelikodi kwa mkataba wa miaka mitatu. Analipa kila mwezi, mwisho analirudisha na kuchukua jingine. Eti siku hizi wenye akili hawanunui magari ya kifahari. Kisha akaitazama baiskeli yangu. Akaitazama muda mrefu kuliko inavyostahili.

Nimeumia.

Nimejipoza kwa kukumbuka gari la kweli. Jeusi, refu, boneti inang'aa unaweza kunyolea ndevu. Lilikuwa gari la mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni, na dereva wake alikuwa baba yangu. Mchana lilisimama mbele ya nyumba yetu wakati baba anakula. Sisi watoto tuliruhusiwa kulitazama. Kuligusa, thubutu! Nilikuwa nasogeza pua kwenye upenyo wa kioo nikavuta harufu ya ngozi ya viti iliyochanganyika na sabuni. Mpaka leo nikifungua sabuni mpya ya kipande nasimama wima kama askari.

Na Mama alikuwa anabaki mlangoni, sahani mkononi, analitazama likiondoka. Hakuwahi kulipanda. Maskini Mama! Sasa amekula chumvi nyingi, anaishi nasi chumba cha uani, na hajawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari la maana.

Nimeamua. Nitakodi. Jeusi. Na kubwa kuliko la Asilimia!

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga duka mapema. Nimevaa koti la harusi yangu. Vifungo vimegoma, nimeliacha wazi, ndiyo mtindo.

Yadi ya kwanza. Muuzaji kijana, viatu vyake vimechongoka mbele hadi unamhofia akikugeukia. Nimempa jina la Ncha. Aliponiona na baiskeli aliniita mzee. Nilipomwambia natafuta gari la mkurugenzi wa kampuni, nikawa mheshimiwa.

Mkataba wake mtamu kama asali. Malipo ya awali hakuna! Malipo ya kila mwezi madogo, nimedhani amekosea. Nimetaka kusaini hapo hapo kabla hajagundua. Bahati mbaya nilivaa miwani. Mstari wa chini kabisa unasema mwaka wa mwisho kuna malipo ya kufunga mkataba. Nimesoma tarakimu. Nimevua miwani. Nimeisafisha. Tarakimu zimebaki zile zile. Kwa fedha hiyo mtu anajenga nyumba na kuizungushia ukuta.

Pia kuna kikomo cha kilomita. Ukipita, unatozwa. Mimi nikaona mwanya. Kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo wa kumaliza embe moja. Kilomita nyingi zitabaki! Nikamuuliza Ncha kama zinazobaki naweza kuwauzia wao. Akaenda kumuuliza meneja. Nikasikia kicheko ofisini, cha watu wawili.

Nimeondoka na heshima zangu. Mnyororo wa baiskeli ulichomoka getini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebuni mbinu ya kupima mikataba. Asilimia anapima kwa hesabu, mimi napima kwa pua na masikio. Kwanza harufu ya viti. Pili mlango: ukifungwa useme "puf", usiseme "kwaa". La mkurugenzi lilisema "puf". Baba alikuwa analifunga kwa viganja viwili, kama anayefunika mtoto shuka. Tatu, kiti cha nyuma kiwe na nafasi ya mtu kunyoosha miguu na kuwaza mambo makubwa.

Nimemsomea mke wangu. Yeye ni mkunga, amezoea kuuliza maswali mafupi wakati watu wanapiga kelele. Ameuliza: bima nani analipa? Matairi je? Likikwaruzwa? Nimemjibu hayo ni mambo ya kiufundi. Amesema sawa, na ada ya shule ya mtoto wa mwisho nayo ni mambo ya kiufundi, aiandike wapi. Wanawake hawana subira na mipango mikubwa.

Yadi ya pili, mchana. Hii ina ukuta mzima wa vioo, jua linaingia mpaka linakaa mapajani. Mwenye yadi ni mama mmoja mkavu, Bi Miwani nimemwita. Hatabasamu. Amenieleza kila kitu bila kuficha: gari likirudi, linakaguliwa. Mkwaruzo unalipiwa. Doa kwenye kiti linalipiwa. Ametaka kujua kipato changu. Nimempa kadi yangu, imeandikwa Mkurugenzi Mtendaji. Akauliza nina wafanyakazi wangapi. Nikasema wapo kadhaa. Ni kweli, Mama hunisaidia kupinda pindo, na paka anakaa dirishani kuvutia watu.

Kisha nikaliona. Jeusi. Nikafungua mlango, nikaufunga.

Puf!

Machozi yalinilengalenga. Bi Miwani akadhani ni jua.

Hapo hila ikanijia nzima nzima. Wateja wa makampuni huruhusiwa kuondoka na gari Jumamosi, walijaribu, warudishe Jumatatu. Bure! Nikamwambia kampuni inafikiria kukodi matatu. Akanitazama juu ya miwani. Akanipa karatasi ya kuahidi kwamba uharibifu wowote ni wangu. Nikasaini mbio mbio.

Hii ndiyo akili. Kwa nini ukodi miaka mitatu, wakati unachohitaji ni kumpandisha mama yako siku moja na kupita mbele ya geti la shemeji polepole?

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya siku! Lakini haikwenda nilivyopanga. Niandike kwa utaratibu.

Nimepiga honi mlangoni. Mama ametoka na nguo yake ya harusi na misiba, na pochi kwapani. Nimesimama kama alivyosimama baba: miguu pamoja, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine juu asigonge kichwa. Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo tangu utoto. Mama amevua viatu. Nikamwambia, Mama, humu watu wanaingia na viatu. Akasema watu wa namna gani hao? Akaingia peku, akaviweka mapajani.

Nimemwendesha taratibu hadi kiwanda cha sabuni. Siku hizi ni maghala matupu, majani yameota hadi kwenye madirisha. Njiani nikawa namwonyesha: hapa baba alikuwa anajaza mafuta, pale alikuwa ananunua gazeti la mkurugenzi. Mama kimya. Nikajua amezidiwa na furaha. Mlinzi alipoliona gari akapiga saluti, akafungua geti bila kuuliza neno. Ah, gari jeusi!

Uwanjani nikazima injini. Nikageuka nikamwambia, "Mama, leo umekaa alipokaa mkurugenzi. Samahani tumechelewa."

Mama akanitazama kama mtu anayetafuta jinsi ya kumwambia mtoto kwamba jino la mbele limetoka. Akasema, "Mwanangu, hapa sijazoea. Mimi nilikuwa nakaa mbele. Kwenye usukani."

Nikautazama usukani.

Basi akanieleza. Mkurugenzi alipokuwa anasafiri, baba alikuwa anamleta uwanja huu huu, mchana, sisi tukiwa shule. Baba alikuwa anakaa nyuma. Baba yangu! Aliyekula amenyooka, aliyetukataza kucheka mezani! Alikuwa anavua kofia, anakunja miguu juu ya kiti, anaagiza kwa sauti ya puani, "Dereva, niendeshe taratibu, nina mawazo." Na Mama anaendesha, wanazunguka uwanja, wanacheka mpaka baba anaomba wasimame kwa kuwa mbavu zinamuuma. Kisha wanafuta viti, wanarudi nyumbani, Mama anapakua chakula.

Nikamuuliza mbona alikuwa anabaki mlangoni kwa huzuni. Akasema huzuni gani? Alikuwa anaangalia kama baba anabadilisha gia vizuri. Baba alikuwa ana haraka na gia ya pili.

Miaka yote hii nimemhurumia bure! Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilifurahi. Pia nilipata wivu, wivu wa kitoto kabisa. Kulikuwa na kicheko kikubwa katika familia yetu na mimi nilikuwa darasani najifunza majina ya mito.

Mama akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Ningefanyaje?

Aliuliza klachi iko wapi. Nikamwambia siku hizi hakuna. Akasema basi hii si kazi, ni kukaa tu. Akauzunguka uwanja kwa upole, mgongo umenyooka, peku. Mimi nilikuwa nyuma. Nikakunja miguu juu ya kiti. Nikasema kwa sauti ya puani, "Dereva, niendeshe taratibu." Mama akacheka. Kicheko kile sijawahi kukisikia nyumbani. Chembamba, cha msichana. Halafu kikabadilika katikati, akasimamisha gari, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Tukakaa. Mlinzi akatuletea maji.

Ningeishia hapo, ingekuwa siku kamili.

Lakini nikataka kumwonyesha Mama kwamba na mimi naweza. Nikarudi kwenye usukani, nikarudisha nyuma kwa madaha, mkono mmoja, kama nilivyomwona Asilimia. Nguzo ya geti ilikuwa pale pale ilipokuwa tangu enzi za sabuni.

Kwaa!

Mama akasema, "Baba yako alikuwa anageuza shingo kwanza."

Jumapili, 9 Machi

Bampa limebonyea. Taa moja imepasuka. Rangi imechubuka kwa urefu wa mkono. Nimejaribu kupaka rangi ya viatu. Sasa linaonekana limechubuka na kupakwa rangi ya viatu.

Sikupita kwa Asilimia. Nimelifunika kwa pazia la sebuleni, la maua. Mke wangu amekuja, ameinua pindo, amechungulia, ameshusha. Hakuuliza swali hata moja. Hilo limenitisha kuliko bampa.

Mama asubuhi nzima anaimba anapokoga. Amemwambia mke wangu kila kitu, na wawili hao wamecheka jikoni. Nilipoingia wakanyamaza, wakaniambia chai iko mezani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudisha gari nikiwa nimeula wa chuya. Nimejiandaa kudanganya kwamba ni ng'ombe. Bi Miwani amelizunguka, amekuna rangi ya viatu kwa ukucha, amenusa. Uwongo ukanitoka miguuni.

Akaniambia nikae kwenye benchi. Benchini kulikuwa na mtu ameinamisha kichwa, ufunguo haumzunguki tena kidoleni. Asilimia!

Nilitaka kuruka dirishani. Kumbe yeye alitaka kuruka kabla yangu. Lile jeupe alilikodi hapa hapa, na amekuja kulirudisha. Kila siku alikuwa anazunguka mji mzima kutuonyesha, kilomita za mwezi mzima akazimaliza kabla wiki haijaisha. Tozo zimemfika shingoni. Na kuvunja mkataba nako kuna adhabu. Nikamuuliza ni asilimia ngapi. Akasema tafadhali, shemeji, si leo.

Tulikaa bega kwa bega kama watoto waliokamatwa na mwalimu. Nikakumbuka siku nilipokwenda kuposa kwao. Huyu huyu ndiye aliyenifungia tai, akaninong'oneza nitazame paji la uso la baba yake, nisitazame macho. Tulikuwa wembamba sana. Nikamsimulia habari za Mama na usukani. Akacheka mpaka akanishika goti. Mara ya mwisho tulicheka hivyo lini? Sikumbuki.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaenda kwa Bi Miwani, akamwonyesha magari ya karibu na vioo: viti vimepauka kwa jua, dashibodi zimepasuka. Akamwambia huyu shemeji yangu ni fundi wa mapazia, hakuna kama yeye. Hivyo alisema! Bi Miwani akavipima vioo kwa macho. Akasema mapazia ya ukuta mzima, mazito, na nguo nitoe mimi. Bampa litasahauliwa. Wafanyakazi wangu wote waje wanisaidie.

Nimemshukuru Asilimia. Tumerudi wawili kwa baiskeli moja. Yeye nyuma.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimemaliza kutundika mapazia ya Bi Miwani. Yameanguka vizuri, mikunjo imesimama kama gwaride. Amesema hayana kasoro. Nusura atabasamu.

Asubuhi nilikuwa nimemwapia mke wangu, mbele ya Mama, kwamba sitakodi gari tena maishani. Niliapa kwa dhati. Nilijisikia mwepesi, mtu mpya.

Nikiwa juu ya ngazi, wateja wawili chini yangu walikuwa wanazungumza. Eti mtaa wa nyuma kuna jamaa anakodisha nyumba zenye magurudumu. Ndani kuna kitanda, jiko, bafu, na madirisha manane. Mkataba wa miaka mitano. Mwezi wa kwanza bure!

Nimeshuka polepole. Nimefikiri kwa makini, kama mtu aliyekomaa.

Kiapo changu kilikuwa cha gari. Hii ni nyumba. Na madirisha yake hayana mapazia.

Nimemwambia mke wangu nachelewa kidogo. Nakwenda kununua nyuzi.