Mgane wa Segese

Jumanne, 2 Julai 2024. Nyahanga, Kahama.

Nimeharibu sketi tatu za sare leo. Chanzo ni Euphrasia. Tunashona kibaraza kimoja, cherehani yake kushoto, yangu kulia, na wateja wangu yeye huwaita hata kabla hawajavuka barabara. Asubuhi kanisogelea na simu mkononi, sura ya msibani. Akasema yumo kwenye aplikesheni ya kutafuta wachumba (ameachika, ana haki), na humo ameona mtu anayefanana sana na Baba Wema. Nikamwambia kwa macho hayohayo ndiyo maana mifuko yake hukaa upande. Akasema basi, yaishe. Akarudi kushona. Akipiga mluzi!

Baba Wema ni Ngusa, mume wangu wa miaka ishirini na mitatu. Anasimamia karasha huko Segese, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ni hapo tu, unafika kabla jua halijawa kali. Mara ya mwisho kuja nyumbani ilikuwa Pasaka. Alilala siku moja, akatengeneza kitasa, akaondoka.

Sitaki kujua.

Jumatano, 3 Julai.

Nataka kujua.

Mpango wa kwanza: kumuuliza kwa ujanja. Nilimpigia, nikamsalimu, nikasema kwamba siku hizi watu wana aplikesheni za kila aina, je, yeye anazo? Akajibu anayo ile ya tochi. Akakata, mashine inapiga kelele.

Mpango wa pili: kuingia mwenyewe. Ilibidi nimwombe Euphrasia anifundishe. Aibu! Kaniuliza jina. Nikasema Noela. Umri, ishirini na saba. Kazi, mwalimu wa chekechea. Picha nimetoa yangu ya zamani, nina miaka ishirini na mbili, kabla sijamjua Ngusa. Euphrasia kaitazama muda mrefu, kisha akauliza huyu mzuri ni nani.

Tulimpata kabla chai haijapoa.

Ngusa, miaka 41 (ana 49!). Mfanyabiashara wa madini (mawe si yake!). Mgane.

Mgane! Yaani mimi nimekufa. Nimekufa lini? Nimeshinda hapa nikishona sare za kwaya.

Picha aliyoweka ni ya kipaimara cha Wema, binti yetu. Kanikata. Umebaki mkono wangu begani kwake.

Ijumaa, 5 Julai.

Nilikuwa na hakika nitamtukana. Nilishaandaa maneno, mengine ya Kisukuma. Lakini kamwandikia Noela yeye kwanza! Kamsifu macho. Akasema anafanana na marehemu mke wake alipokuwa binti, ila Noela ni mzuri zaidi.

Nimeona wivu mpaka sindano imenichoma. Wivu wa kumwonea nani, sijui.

Noela kauliza marehemu alikufa kwa nini. Moyo, akajibu, ghafla, hakuteseka. Nikashukuru kidogo kwamba sikuteseka.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba.

Kibaraza kimefungwa. Misa sikuisikia, nilikuwa namngoja mwanamume ambaye namba yake ninayo.

Saa tisa alasiri kaandika. Noela alikuwa amemuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nilidhani nitasomewa mashitaka. Badala yake kaandika ujumbe mrefu kuliko yote aliyowahi kuniandikia mimi tangu tuoane.

Kasema mke wake alikuwa akiimba akipiga pasi. Kwamba yeye, hata akiwa amechoka vipi, alikuwa akikaa karibu na ile meza ya pasi ili asikie tu. Kisha mtoto wao wa mwisho, Maduhu, akafariki, ana miaka minne, homa ya siku tatu. Tangu siku ile mke hakuimba tena, na hakumtazama usoni. Alijaribu kukaa. Nyumba ikawa na ukimya wa kumsonga. Akatafuta kazi penye kelele.

Hilo la Maduhu ni kweli. Mwezi wa nane anatimiza miaka mitano kaburini.

Nilikuwa sijui kwamba alikuwa akija pale mezani kusikiliza. Nilidhani anangojea suruali.

Noela kamwandikia: Pole. Neno moja. Miaka mitano yote mimi sikumpa. Yule binti kampa siku ya tatu.

Jumatano, 10 Julai.

Ngusa anataka kuonana na Noela. Jumamosi saa nne, hoteli ya karibu na stendi, Segese. Euphrasia kasema niishie hapa, nimpigie mume wangu kwa jina langu. Ushauri wa mtu aliyeachika! Nina mpango bora. Nitaingia, nitasimama mbele yake, nitasema: Noela ni mimi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilionekana kama mtu anayedai sketi yake.

Jumamosi, 13 Julai. Segese.

Nimeandika haya stendi, nikingoja gari la kurudi.

Alikuwepo kabla yangu. Meza ya dirishani. Shati lile la bluu nililomshonea mimi, kalipiga pasi mwenyewe, kola ina mikunjo. Viatu vinang'aa. Nywele kazipaka rangi! Aliponiona akasimama ghafla, chai ikamwagika.

"Mayu!" Kisukuma humtoka akishtuka. "Mama Wema! Umefuata nini huku?"

Nikafungua mdomo niseme. Nikasema: "Nimekuja kupima kwaya."

Akasema naye anamngoja fundi wa karasha. Akanikaribisha kiti kwa adabu, kama mgeni. Tukaagiza chapati. Akauliza habari za Wema, nikasema mzima. Kila mlango ukifunguliwa anainua shingo kunipita mimi, anamtafuta yule binti. Kisha akaingiza mkono chini ya meza, akaandika. Mkoba wangu ukalia.

"Simu yako," akasema.

"Wateja."

Akaandika tena. Mkoba ukalia tena. Mara ya tatu alisema mambo yangu yanaenda vizuri naona, wateja wengi. Nikasema namshukuru Mungu.

Kisha akaacha kutazama mlango. Akanitazama mimi, tena usoni. Akauliza polepole, "Siku hizi bado unaimba ukipiga pasi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali penyewe. Palikuwa wazi kabisa. Ningesema lolote: Maduhu. Pole. Rudi nyumbani.

Nikasema, "Pasi siku hizi ni ya umeme."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema umeme ni mzuri. Akatazama mlango.

Saa tano na nusu alinisindikiza mpaka garini. Akanishika mkono muda kidogo kuzidi desturi. Akasema atajitahidi Krismasi. Nikashuka tena alipoondoka, sikuweza kukaa.

Nimesoma ujumbe wake sasa. Wa kwanza: Nimefika. Wa pili: Samahani, kuna mtu kaketi nami, usiogope, ni ndugu. Wa tatu: Ngoja kidogo, nisimwache peke yake, anaonekana amechoka.

Jumapili, 14 Julai.

Noela kamwomba radhi, eti alipata homa. Ngusa kamsamehe ndani ya dakika moja. Dakika moja! Mimi niliwahi kusahau chumvi kwenye maharage akaninunia hadi Jumatano.

Jumatatu, 15 Julai.

Nimelifikiria jambo hili tangu alfajiri. Mwanamume anayesamehe upesi hivyo ana mwingine pembeni. Noela bado binti, anaamini kila anachoambiwa, hana mtu wa kumfungua macho ila mimi.

Nimemwomba Euphrasia picha yake ya ujana. Kauliza ya nini. Nikamwambia nataka kujua kama Baba Wema anamdanganya Noela. Aliniangalia mpaka mteja wake akaanza kukohoa. Akasema kwa sauti ya chini, Mama Wema, yule ni mumeo, mpigie. Nikamwambia nitampigia, lakini mambo kwa utaratibu. Kaenda kuleta picha. Akaomba tu nisimkate nywele, zilikuwa nzuri mwaka ule.

Mageni, miaka 31, muuguzi, Geita mjini. Kamsalimu Ngusa saa nne kamili asubuhi. Saa nne na robo kajibiwa. Kasifiwa nywele. Kaambiwa kwamba anayemwandikia ni mgane.

Maskini Noela. Sijui nitamwambiaje.