Mshale Uliomwondoa Mama Mapokezi

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kwa Profesa unayemsimamia mjomba wangu,

Shikamoo. Naahidi kukueleza yote, hata yale magumu kuandika.

Mjomba anaandika tasnifu kuhusu kinachowafanya wageni warudi au wasirudi katika nyumba za kulala wageni. Alikuja kufanya utafiti pale anapofanya kazi dada yake, yaani mama yangu, ambaye amekuwa mhudumu wa mapokezi kwa miaka kumi na mmoja. Sasa mama anahamishiwa chumba cha kufulia kuanzia tarehe mosi, na aliyemhamisha ni mshale. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mjomba anatumia modeli ya milinganyo ya kimuundo. Alinieleza nikaelewa. Majibu ya dodoso huwekwa kwenye visanduku, na mambo yasiyoonekana, kama kuridhika kwa mgeni, huwekwa kwenye miduara. Kisha mishale huonyesha nini kinasababisha nini, na kompyuta huupa kila mshale namba. Mapokezi ni mduara. Kwa hiyo mama, anayeonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara, amehesabiwa miongoni mwa visivyoonekana.

2. Dodoso lina maswali sitini na mawili. Mgeni hupewa asubuhi anapoondoka, begi begani, gari likimngoja nje. Swali la hamsini na nane linauliza kama aliruhusiwa kuondoka upesi.

3. Yupo muuza vitambaa anayelala chumba namba nne kila mwezi, huu mwaka wa sita. Mama humtunzia miwani anayoisahau. Mjomba amemfuta kwa kuwa majibu yake yako mbali mno na ya wenzake. Yaani katika utafiti wa wageni wanaorudi, mtu ameondolewa kwa kosa la kurudi.

4. Mshale kutoka mapokezi kwenda kuridhika umetoka hasi. Maana yake, mapokezi yakizidi kuwa mazuri, mgeni anazidi kununa. Meneja, tunayemwita Mzee Funguo, alisoma ukurasa huo mara mbili, akaamua mama aende kufua na mlinzi akae mapokezi. Mlinzi huyo hajawahi kumsalimia mtu. Mama anamfundisha kusema karibu, naye anasema atalifikiria.

5. Mjomba anasema modeli imekaa vizuri, hivyo hana la kufanya. Mama hakubishana naye. Alikunja sare yake akasema, "Kumbe mshale unaua hata ukichorwa kwa penseli." Tangu siku hiyo mjomba anakula akiangalia sahani tu.

6. Kama modeli ni ya kweli, tusiishie nusu njia. Naomba uishauri serikali hoteli zote zifunge milango ya mbele, wageni waingilie madirishani na kutupiwa shuka kichwani, ili taifa zima liridhike. Kama si ya kweli, naomba umwambie Mzee Funguo kwa maandishi, yenye muhuri, kwa sababu bila muhuri hasomi.

Wasalimie wanafunzi wako wote, hasa wale ambao bado hawajapata data. Bibi anakusalimu sana na anauliza kama watu wa chuo kikuu mnapata muda wa kula.

Ni mimi kwa heshima,
Mpwa wa mwanafunzi wako, kidato cha pili

Nyongeza: Mjomba alihitaji madodoso mia mbili. Wageni walijaza mia moja hamsini na saba, mengine wakayaacha matupu juu ya vitanda. Nilimwonea huruma, nikayajaza yale arobaini na matatu mwenyewe, kwa kalamu tofauti tofauti. Usafi, chakula, kuridhika, kurudi, kote niliweka tano, alama ya juu kabisa. Kwenye mapokezi niliweka moja, kwa sababu nyumbani tumelelewa kwamba si adabu kumsifu mtu wako mbele za watu. Mjomba hajui. Je, Profesa, ukiyatoa hayo arobaini na matatu, mshale wa mama utageuka kabla ya tarehe mosi, na mjomba ataendelea kuwa mwanafunzi wako?