Madame Alisema Marché, Tukapewa Marche

Élisabethville, Kongo, mtaa wa cité Kenya, tarehe 11 ya mwezi wa sita 1956

Kwa Bwana Muhariri wa gazeti ya cité,

Heshima yako naitanguliza, nisiisahau mbele huko. Mimi ni Albertine Numbi, nkambo wa bajukuu kumi na mbili. Masomo sikuona. Faustin, karani wa parokia, anaandika. Maneno ni yangu, na nimemukataza kuyalainisha.

Namushitaki Madame wa foyer ya kwetu, ile nyumba ya mafundisho ya bamama. Alitangaza bamama bazee beko na «marche» kila Jumatatu. Siye tukasikia «marché». Tukafika bantu kumi na saba na bitunga. Hata Victorine Kapinga alifika, ule hakutoka mulango yake tangu bwana yake alikufa mwaka jana. Karani ananieleza sasa kama ni maneno mbili: moja ni soko, ingine ni kutembea tu. Madame alitaka ile ya kutembea.

Malalamiko ni haya:

1. Tulifika sokoni, tukaipita. Samaki ya Kasenga inanukia pale, na Madame iko mbele anapiga firimbi. Hata mwizi anasimama kidogo kuangalia.

2. Kisha tukarudi pale tulitokea. Nimezaa batoto tisa, nimebeba maji na kuni, sijaona safari ya kwenda kwako mwenyewe.

3. Anatuambia tuinue mikono juu, damu itembee. Bamama ba heshima, mikono juu katikati ya barabara! Polisi akakuja kuuliza nani ametukamata.

4. Magoti yangu yameacha kulia. Mukamwana wangu Bahati alisikia ule ukimya, akanionyesha kinu, nitwange.

5. Hii njo inaniuma. Mwaka muzima, kila jioni, nilimupelekea Victorine habari ya cité, yeye kimya, mimi nasema. Sasa habari anaikuta njiani, juu anatembea mbio kunipita. Juzi nilimufikia na ile habari ya ndoa ya jirani yetu Chomba. Akanivutia kiti: «Albertine, hiyo ni ya asubuhi. Kaa, nikupe mwisho yake.» Bwana Muhariri, mimi, kukalishwa na kuelezwa!

Kwa hiyo naomba serikali ikataze kutembea kwa kila muntu amepita miaka makumi sita. Tupewe biti bya kukalia, na biti bifungwe na misumari chini, juu najua bamama ba kwetu: batatembea nabyo.

Salamu kwako, kwa bibi yako, kwa bale banapanga herufi za gazeti, na kwa bakwe zako kama munasikilizana.

Nimetia kidole hapa, mimi mwenye kukasirika kwa adabu,
Albertine Numbi

Nyongeza: Karani amesikia sasa hivi kama Madame anaenda congé, kupumuzika Ulaya, na foyer haina mwingine wa kutuongoza. Basi barua hii usiichape. Chapa hivi: Jumatatu, saa kumi na mbili ya asubuhi, mbele ya foyer, Albertine njo anaongoza. Victorine amesema marche ikiisha, atarudi ndani na kufunga mulango. Hapana. Bora anishinde habari kila siku mpaka nife.