Kichwa cha Kambale Jumapili

Jumatatu, 4 Juni 1956
Maharage tena. Hapa Kibaoni, kwenye nyumba yetu ya askari wazee, maharage hayajui likizo. Lakini Jumapili kambale! Mama Domitila, mkuu wa jiko, kamwagiza mvuvi alete mkubwa. Kichwa atapewa mwenye umri mkubwa kuliko wote, ndiyo desturi. Yaani Polikarpo. Kila mara Polikarpo! Anafyonza macho ya samaki polepole, huku ananitazama. Mimi nyumbani nilikuwa kitinda mimba, nikala mikia. Jeshini nikala nyama ya kopo, nikaacha mguu vitani Bama. Kichwa sijapewa hata siku moja. Inaniuma, nasema kweli.

Jumanne, 5 Juni
Nimechunguza. Polikarpo anasema wakati wa Maji Maji alikuwa anaamia ndege kwenye mpunga wa baba yake. Mimi wakati huo nilibebwa mgongoni kukimbilia msituni. Kanizidi miaka sita, basi. Na cheti cha kuzaliwa hana mtu humu. Ni maneno tu, na maneno ninayo. Nahitaji miaka minane na shahidi.

Jumatano, 6 Juni
Shahidi kapatikana. Bibi Apolonia anayetuletea mchicha, mtu wa Mahenge kama mimi, mkongwe hasa. Nimempa sukari yangu ya wiki nzima. Aseme tu kwamba wakati wa Maji Maji nilikuwa nachunga mbuzi. Kaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye akianza kusema anasema. Chai nimekunywa bila sukari. Tamu!

Alhamisi, 7 Juni
Ushindi! Bibi Apolonia kasimama mlangoni pa jiko, kasema mbele ya wote kwamba wakati wa Maji Maji nilikuwa na ndevu. Nikamkonyeza apunguze. Akaongeza: nilikwenda kwao kumposa, wakanikataa kwa kuwa nilikuwa mtu mzima mno. Mama Domitila akahesabu kwa vidole. Sabini na tano! Nadhani sukari ilizidi.
Polikarpo akainuka, akavua kofia.
"Shikamoo, babu."
Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito. Miaka yote hii ni mimi niliyekuwa namwamkia yeye. Nimefurahi mpaka usingizi wa mchana haukuja.

Ijumaa, 8 Juni
Nimekaa kwenye kiti cha Polikarpo, kile cha karibu na jiko. Wenzangu perege wa kukaanga. Mimi uji. Nikadhani wamesahau. Mama Domitila akanionyesha karatasi ya ukutani. Mganga aliiandika mwaka jana, mzee mmoja alipokwamwa na mwiba kooni: aliyefika sabini asile chenye mwiba wala mfupa. Uji, mboga za kupondwa, chumvi kidogo. Sikuwahi kuisoma, haikunihusu. Nimemwambia meno yangu yote yapo. Kamshukuru Mungu kwa niaba yangu na kuniongezea uji.

Jumamosi, 9 Juni
Uji. Nimemfuata Bibi Apolonia anipunguzie miaka. Kasema sukari imekwisha.

Jumapili, 10 Juni
Tumetoka misa, kambale kaletwa. Kichwa kimejaa bakuli! Mama Domitila kakiweka mbele yangu, watu wakapiga makofi, maana ni haki yangu. Kisha kakiondoa, maana ni miiba. Kampa Polikarpo. Machozi yalinilenga, sifichi. Nikakoroga uji.
Mama Domitila alipogeuka, kitu cha moto kikanigusa goti. Polikarpo kabandua shavu la kambale, kalipitisha chini ya meza.
"Kula upesi, mdogo wangu," akanong'ona.
Laini! Mafuta yamenifika kiwikoni. Sijawahi kula kitu kama kile.
Nimejilaza mchana, nikalifikiria jambo hili. Mtu hatoi shavu la kambale bure. Polikarpo ananiogopa! Basi huu ndio wakati wa kumbana. Mama Domitila ana utaratibu mwingine: walio chini ya hamsini wanaopasua kuni za jiko huchagua kipande kabla ya wote. Kabla ya wote! Kesho namwambia nimekumbuka vizuri zaidi, nilizaliwa baada ya Maji Maji, tena baada sana, nina arobaini na nne. Kuni nitapasua nimekaa, mguu mmoja bado ninao. Sukari ya wiki ijayo nimeshampelekea Bibi Apolonia.