Mgonjwa wa Maonesho

(Hotuba ya Mheshimiwa Azzan, Mkurugenzi wa Idara ya Mioyo na Mambo Yanayofanana na Hayo, siku ya kuzindua sindano ya moyo, uwanjani Mpendae.)

Mheshimiwa Sheha wa hapa na Mheshimiwa Sheha wa pale, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati ya Kuziangalia Kamati, Bwana Wakil, msaidizi wangu ambaye pia ni dereva wangu, kina mama wenye watoto mgongoni na mliowaacha kwa jirani, na wewe unayetaka kuichukua maikrofoni, iache hapo hapo: assalaam alaykum. (Wananchi wanaitikia. Mtoto analia.)

Kwa mujibu wa strateji yetu ya miaka mitano, iliyochukua miaka saba kuandikwa, ofisi yangu, kwa maelekezo yangu, chini ya usimamizi wangu mimi mwenyewe, imekuleteeni sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda ikaziba mshipa wa moyo, ili mtu akishikwa na kifua asisubiri, maana kila dakika ikipita, moyo unazidi kufa. (Makofi.) Kitakwimu, asilimia mia moja na nne ya wagonjwa watapona. (Makofi zaidi.)

Sindano zimo ndani ya friji hilo lililofungwa utepe, na kiprotokali halifunguliwi mpaka nimalize. Na ili mfahamu vyema, tumemuomba Mzee Mmanga, mvuvi mstaafu wa Tumbatu, awe mgonjwa wa maonesho: ashike kifua, agune kidogo, nikate utepe, daktari wetu huyu mwenye koti jeupe amdunge, apone, tupigwe picha. (Mzee Mmanga, kitini mbele, anashika kifua.) Bado, mzee. Nitakupa ishara. Nimebakisha kurasa sita.

Nikirejea kwenye kapasiti ya sistimu yetu... (Mzee Mmanga anaegemea upande. Kanzu imerowa jasho.) Mwangalieni! Jasho hilo hatukumfundisha, ni kipaji chake. (Kicheko, makofi.)

(Kulthum, binti wa Mzee Mmanga, anasimama na mwanawe begani. "Mheshimiwa, babaangu haigizi. Mkono wa kushoto haunyanyui. Lifungue friji.")

Mwanangu Kulthum, maswali ni mwisho. Mimi nilikwenda ughaibuni wiki tatu kuisomea sindano hii, nikajifunza kwamba kwenye moyo haraka ndiyo kila kitu, na suala hili la haraka naomba nikufafanulieni kwa kirefu. (Kulthum anampa jirani mtoto, anaufuata utepe, anaukata kwa meno.) Hiyo ni kazi yangu mimi, mgeni rasmi, bibi wee! (Friji li wazi. Ndani mna madumu ya juisi ya ukwaju.)

Hiyo ni awamu ya kwanza. Sindano zenyewe zimo katika mchakato.

(Kulthum: "Na babaangu nimtie mchakato gani?" Hangoji jibu. Anapiga magoti mbele ya mzee, anamwambia pole pole amshike shingoni, yeye yupo, haendi popote. Watu wanamsaidia kumbeba.)

Naomba utulivu! Asiondoke mtu, kuna picha ya pamoja. Wakil, waambie... Wakil, mbona umekaa kwenye usukani? Hilo si gari langu? King'ora hicho ni cha misafara rasmi, si cha kupelekea watu hospitali! (Gari linaondoka na mzee na bintiye ndani, king'ora kinalia mpaka barabara kuu. Wananchi wanalipigia makofi.)

Ahsanteni kwa makofi hayo. Kwa kumalizia, semeni nami: Moyo wako! (Wananchi wanatazama barabara kuu.) Wajibu wetu! (Mtu mmoja anakohoa.)

Nakushukuruni nyote. Namshukuru Bi Sichana muuza juisi aliyetuazima friji, ambalo anataka alirejeshewe kabla ya adhuhuri. Namshukuru daktari wetu, ambaye ni shemeji yangu, na koti alilovaa ni la kazi yake ya kinyozi. Na namshukuru fundi aliyetushonea utepe, maana mradi huu tangu uanze haukuwahi kuwa na kitu kingine, na huo nao Kulthum keshaukata.