Futi Elfu Thelathini na Nane Juu ya Kimamba

Jumanne, 2 Septemba 2025
Nimemwambia Mzee Lucas, baba yake Yunis, binti ninayetaka kumposa, kwamba mimi ni rubani. Sikudanganya sana. Kila siku narusha dege la Dar hadi Ulaya, kwenye mchezo wa kompyuta, steshenari yangu hapa Kimamba, katikati ya fotokopi. Mzee ni dereva mstaafu wa treni. Hakucheka. Atakuja Jumamosi kuona. Nikipaa vizuri, posa imepita!

Tatizo: sijawahi kuvuka futi elfu thelathini.

Jumatano, 3 Septemba
Nickson wa mapokezi, gesti ya Mikumi, naye anamtaka Yunis. Kanitumia picha ya ndege yake ya mchezoni, imetulia elfu thelathini na moja. Eti matangi yakijaa hupandi juu kabisa kwa mpigo. Unapanda kiasi, unachoma mafuta, ndege inapungua uzito, unapanda tena. Ushauri wa mwoga! Mimi thelathini na nane, moja kwa moja.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimejaribu mara tatu. Nainua pua, mwendo unapungua. Nainua zaidi. Dege linatetemeka, linadondoka. Mara ya mwisho nimeangukia Handeni na abiria mia tatu. Mama aliyeleta cheti cha kuzaliwa akanipa pole ya msiba. Nalaumu kibodi.

Jumamosi, 6 Septemba
Mzee kaja na Yunis. Nikatoa shikamoo, nikakaa kwenye kompyuta. Nikainua pua kwa madaha. Kengele zikalia. Mzee akauliza tumebeba nini. Nikasema tani tisini za mafuta.

“Shusha pua, kijana! Treni iliyojaa huipandishi mlima wa Kidete kwa hasira. Tafuta mwendo kwanza.”

Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba angani hakuna reli. Tukaanguka. Yunis alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mzee akachukua kiti changu. Akapanda taratibu, akatulia thelathini na moja, akaagiza chai, akasubiri mafuta yapungue. Saa tatu baadaye, thelathini na tano. Aibu!

Mlangoni akaniambia, “Wewe si rubani. Ila Yunis hajacheka hivi tangu mama yake afariki. Njoo nyumbani. Kwa miguu.”

Jumapili, 7 Septemba
Posa imepita! Sababu iko wazi: nilivyomfundisha mzee kurusha ndege. Siku moja tu, kaiva! Nimebandika tangazo: CHUO CHA MARUBANI KIMAMBA. Mchungaji Yared, mwanafunzi wa kwanza, anaanza kesho. Nimemjazia matangi yote. Tutaenda elfu arobaini na moja, moja kwa moja.